Upande wa Nyuma

Ulipoipeleka kazi yako mezani kwake
Mwalimu Loviise Vapper hakuitazama usoni.
Aliibinua, kama mtu anayegeuza samaki kikaangoni,
akavaa miwani yake yenye mguu uliofungwa uzi wa zambarau,
akasoma nyuma.
Huko ndiko tulikoficha kila kitu:
mafundo, njia za mkato, uzi uliorushwa
kutoka ua hadi ua kama mwizi juu ya mapaa.
"Fumua," alisema.
Na kama machozi yalishaanza:
"Fumua, halafu tule mkate."

Nilikuwa mvulana pekee darasani.
Nilivunjika mguu kwenye barafu, majira ya baridi ya mwaka sabini na nane,
na karakana ya useremala ilikuwa juu, ngazi kumi na tisa.
Basi nikaachwa chini na wasichana.
Tiiu alicheka hadi akajichoma kidole.
Mwalimu akanivisha subana ya marehemu mumewe,
mshona matanga, kubwa kama kikombe cha yai,
akasema: "Sindano haijui suruali wala sketi.
Inajua mkono unaotetemeka. Tulia."

Nyuzi hazikuwapo. Duka la ushirika
liliuza kijivu, na kijivu kingine.
Alichemsha maganda ya vitunguu, magome, kutu ya misumari.
Alifumua sweta za watu waliopakiwa kwenye treni
kwenda mashariki, wasirudi,
mikono kwanza, kisha kifua,
akazichovya upya katika waridi la Muhu,
rangi ipigayo kelele hata gizani,
wala hakutuambia zilikuwa za nani.
Mama ndiye aliyeninong'oneza, nikiwa na mvi tayari,
kwamba ua langu la kwanza, lile lililopinda,
lilitoka kwenye kiwiko cha babu yangu.

Alikuwa mkali. Sitamsafisha kwa kuwa amekufa.
Maret alimpelekea shuka lake la harusi alione tu;
likarudi limekatwa uzi mahali thelathini na sita.
Hawakuamkiana miaka minne,
na kisiwa chetu si kikubwa.
Alipenda kahawa chungu, bahati nasibu,
na kuwasengenya wachungaji, hasa wanene.
Kanisani aligeuza kitambaa cha madhabahu
akaguna katikati ya sala.

Amekufa Machi, barafu ikipasuka mlangoni mwa bahari,
ikilia usiku kucha kama kitani kinachochanwa.
Wapo wasemao amekata kamba.
Siamini.
Hakuwahi kukata kabla ya kufunga.

Juu ya magoti yake walikuta blanketi jeusi la sufu,
maua kumi na moja, la kumi na mbili shina tu,
sindano imesimama ndani yake.
Jikoni wanawake walibishana nani amalizie,
sauti zikapanda, birika likasahauliwa motoni.
Maret akalichukua, akalibinua,
akatazama nyuma kwa muda mrefu.
Kisha akaketi. Hakutaka tena zamu.

Mimi ni daktari wa mifugo.
Jana usiku ng'ombe wa Tiiu alipasuliwa ubavu na waya wa uzio.
Nilipiga magoti kwenye nyasi kavu, tochi mdomoni,
nikashona tabaka kwa tabaka, ndani kwanza,
hatua fupi, uzi usivutwe hadi nyama ikakunja uso.
Uzi ule ule, mkono ule ule aliouzaba rula.
Alfajiri mnyama akainuka, akatafuta maji.
"Umeshona vizuri," Tiiu akasema,
akanipa mkate.

Sikujibu. Nilikuwa nawaza kule ndani,
asikofika mtu kubinua,
lile fundo la tatu.
Nililiharakisha.
Yeye angeliona.